Springi za milimita 50 zilizoinua 97: kisa cha Land Cruiser ya 80

Gari na lengo lake

Gari ni Toyota Land Cruiser ya 80 ya katikati ya miaka ya 1990: dizeli ya lita 4.2, gia za mkono, 4x4 ya muda wote yenye difu ya kati inayofungika. Mbele na nyuma lina ekseli ngumu zilizobeba springi za koili. Lilikuwa limeshatembea zaidi ya kilomita 340,000. Rangi, namba, mahali na majina vimeondolewa, ila vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye karatasi ya kazi.

Mwenye gari alitaka kutoka matairi ya 275/70R16 kwenda 285/75R16, apate nafasi zaidi chini kwenye njia za mawe, na baadaye afunge bampa la chuma lenye winchi. Alisema bampa litakuja "miezi michache ijayo". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya matatizo yaliyofuata.

Kuna jambo ambalo hakuelezwa wakati wa kuagiza vifaa. Springi ndefu hazipandishi difu. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Kinachopanda ni chesisi na bodi. Tairi la 275/70R16 lina kipenyo cha milimita 791 hivi, la 285/75R16 karibu 834. Kwa hiyo difu ilipanda milimita 21 tu, na zote zilitokana na tairi. Springi zilifaa kwa kupata nafasi ya tairi hilo ndani ya matao na kuboresha pembe ya kuingilia mlima, basi. Mwenye gari akilijua hilo mapema, mara nyingi hupunguza mwenyewe kimo anachokitaka.

Seti iliyonunuliwa ilikuwa na springi 4, shokapu 4 na shokapu ya stelingi. Kwenye boksi iliandikwa kuwa inainua milimita 50 juu ya kimo cha kiwandani. Springi za mbele zilichaguliwa za mzigo wa kudumu wa kilo 110 hivi, kwa ajili ya lile bampa ambalo bado halikuwepo.

Kazi ya kwanza

Baadhi ya mambo yalifanywa vizuri. Bolti zote zilipuliziwa mafuta ya kulegeza kutu jioni mbili kabla, na hakuna iliyokatika. Kwa gari la umri huo si jambo dogo, maana pipa la chuma la ndani ya bushi (kiungo cha mpira kinachopitishwa bolti) hushikana na bolti kama vimechomelewa. Chesisi iliwekwa juu ya stendi, si jeki peke yake. Kabla ya kufungua chochote, fundi alipima kimo kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa tao: mbele kushoto milimita 478, kulia 485.

Shokapu zilifunguliwa, viungo vya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) vikatolewa, fimbo ya Panhard, inayoizuia ekseli isihame kushoto au kulia, ikaachiwa upande wa ekseli, kisha ekseli ikashushwa polepole kwa jeki. Katika gari hili ekseli hushuka kiasi cha kutosha springi itoke kwa mkono, bila mashine ya kuibana. Hosi ya breki ya mbele kushoto ilianza kuvutika, ikafunguliwa kwenye kishikio chake. Springi mpya ziliingia huku ncha ya koili ikikaa kwenye kituo chake, shokapu zikafuata.

Kosa la kwanza lilifanyika dakika kumi za mwisho. Bolti za mikono ya ekseli, ile inayoishika ekseli kwenye chesisi, na za fimbo za Panhard zilikazwa kwa bunduki ya upepo wakati ekseli inaning'inia. Gari likashushwa, likapimwa tena: 575 kushoto, 579 kulia. Lilikuwa limepanda milimita 97 upande mmoja na 94 upande wa pili. Namba hizo ziliandikwa karatasini, ila hakuna aliyeuliza kwa nini springi za 50 zimeinua karibu mara mbili. Gari lilionekana zuri. Mwenye gari alifurahi, akaondoka.

Dalili

Ndani ya kilomita 300 mambo manne yalijitokeza. Gari lilitangatanga barabarani, likihitaji kurekebishwa kila mara hata kwenye lami iliyonyooka. Usukani haukurudi wenyewe baada ya kona. Magurudumu ya mbele yalitikisika kwa nguvu yakigonga shimo kwenye kasi ya kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Na breki: pua ilizama sana, huku nyuma kukiwa kama hakuna kitu.

Usukani nao ulikaa umepinda kushoto gari likienda moja kwa moja, jambo ambalo mwenye gari aliliona dogo.

Wiki tatu za kubahatisha

Gereji ya kwanza ilishughulikia dalili moja moja. Shokapu ya stelingi ilibadilishwa ikawekwa ngumu zaidi. Mtikisiko ulipungua kwa siku chache, kisha ukarudi. Shokapu hiyo kazi yake ni kunyonya mapigo ya barabara. Ikionekana kutibu mtikisiko, ujue imeuficha tu, na chanzo kinaendelea kula bolijointi.

Halafu skrubu ya bokisi ya stelingi ilikazwa ili kuondoa uchezaji. Hapo hali ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu bokisi ikikazwa kupita kiasi hushika katikati. Dereva anapitiliza akirekebisha kulia, kisha anapitiliza akirekebisha kushoto. Mwisho toe, yaani kiasi ambacho magurudumu ya mbele yanaelekeana, iliongezwa ndani na magurudumu yakabalansiwa upya. Hakuna kilichobadilika ila ncha za matairi kuanza kulika.

Vipimo vilivyobadilisha mwelekeo

Gereji ya pili ilikataa kugusa kitu kabla ya kupima. Ilianza na kimo. Land Cruiser nyingine ya 80 yenye springi mpya za kiwandani na bampa la kawaida ilipimwa mbele kwa kulinganisha, ikatoa milimita 506. Hapo hesabu ikafunguka. Springi za zamani zilikuwa zimelala zaidi ya milimita 20. Springi mpya zimepanda milimita 69 hadi 73 juu ya kimo cha kiwandani, si 50. Zile 20 za ziada ni uzito wa bampa ambalo halijafungwa. Bampa likiwa mbele ya ekseli, mzigo unaofika kwenye springi ni mkubwa kuliko uzito wake wenyewe, kama ndoo inavyozidi kuelemea ukiibeba kwenye ncha ya mti.

Kisha kasta, yaani mlalo wa mhimili unaogeuzia gurudumu, kama uma wa mbele wa baiskeli unavyolala kuelekea nyuma. Mlalo huo ndio unaorudisha usukani na kulishikilia gari kwenye mstari. Kwa gari hili kiwandani ni karibu digrii 3. Kwenye mashine ilisomeka +0.1 kushoto na -0.2 kulia. Sababu ni ya maumbo tu: ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayoelekea nyuma hadi kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, ncha za nyuma za mikono hupanda nayo, na ekseli nzima huzunguka, juu yake ikienda mbele. Kwa makadirio ya mafundi wa magari haya, kila milimita 25 hula digrii 1 au zaidi kidogo.

Tofauti ya digrii 0.3 kati ya kushoto na kulia haikuwatia wasiwasi. Kwenye ekseli ngumu pande mbili huzunguka pamoja. Tofauti ikizidi nusu digrii, tafuta nako (kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na gurudumu) iliyopinda au beringi zilizokwisha, usitafute kwenye springi.

Beringi za juu na chini za nako zilipimwa gurudumu likiwa hewani, mtu mmoja akilishika juu na chini na kulitikisa, mwingine akikanyaga breki. Breki ikikanyagwa uchezaji wa beringi za habu huondoka. Unaobaki ni wa nako. Ulibaki, tena unaoonekana kwa macho. Fimbo ya Panhard ya mbele ilikuwa na bushi iliyochanika upande wa chesisi. Hivyo viwili ndivyo vilivyozaa mtikisiko, na vilikuwepo kabla ya springi mpya. Kasta nzuri ilikuwa inavivumilia.

Kwenye mikono ya ekseli, bushi 3 kati ya 6 zilikuwa zimechanika mpira, ilhali picha za kabla ya kazi zinazionyesha zikiwa nzima. Bolti ikikazwa, pipa la ndani la bushi hubanwa lisizunguke. Mpira ndio unaojikunja mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, kituo cha mpira kinakuwa pale chini. Gari likishuka, mpira unaishi umejikunja muda wote, na kila shimo linaukunja zaidi. Mpira mpya huenda ungestahimili kwa muda, lakini wa miaka 25 hauwezi.

Shokapu za mbele zilipimwa springi zikiwa zimetolewa. Ekseli iliinuliwa kwa jeki mpaka mpira wa kituo, unaoizuia ekseli isipande zaidi, ukabanwa kabisa, kisha umbali kati ya vishikio vya shokapu ukapimwa. Ulikuwa pungufu kwa milimita 6 ya urefu wa shokapu ikiwa imebanwa hadi mwisho. Maana yake, kwenye shimo kubwa shokapu ingefika mwisho kabla ya mpira wa kituo kugusa, na uzito wote wa mbele ungetua juu ya pistoni yake. Shokapu za namna hiyo hupasuka au hung'oa kishikio.

La breki lilichukua dakika tano. Nyuma ya gari hili kuna valvu inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli. Chesisi ikizama kwa mzigo, fimbo huruhusu shinikizo zaidi kwenda breki za nyuma, ikipanda, hulipunguza. Chesisi ilikuwa imepandishwa na fimbo imeachwa ilivyo, kwa hiyo valvu iliamini gari ni tupu kabisa, na ikapunguza breki hata lilipopakiwa.

Maamuzi

Swali gumu lilikuwa kasta. Kulikuwa na njia nne. Bushi za tundu la kando, ambazo tundu lake la bolti haliko katikati na zinazoingia kwenye mikono ileile ya asili, hurudisha digrii 2 hivi. Bamba za kuhamisha tundu la mkono upande wa ekseli hurudisha zaidi, ila zinahitaji kukata na kuchomelea. Vishikio vya kushusha mikono upande wa chesisi hurekebisha kasta na pembe ya mkono kwa pamoja, lakini vinaning'inia chini, penye mawe. Mikono mipya iliyopindwa ni safi kuliko zote, na ndiyo ghali.

Mwenye gari alitaka bushi. Hesabu ilikataa: kutoka sifuri, digrii 2 zinakuacha na 2, na gari lenye matairi mazito linataka 3. Gereji ikapendekeza kuanza nyuma ya tatizo: toa springi za mbele za bampa, weka za mbele isiyo na mzigo. Hizo zingeshusha kimo hadi milimita 45 hivi juu ya kiwanda, kasta irudi karibu na 1, kisha bushi zimalizie. Bampa likija, gari litazama milimita 20 hivi, na hapo kasta itakuwa imeongezeka, si kupungua. Kimo kitarudishwa kwa vipande vya kuinulia springi.

Alibisha. Kimo ndicho alichokuwa amekilipia. Kilichomshawishi ni tairi: lilizungushwa hadi mwisho pande zote mbili, ekseli ikiwa imebanwa upande mmoja, kwa springi za chini. Halikugusa tao. Milimita 25 alizokuwa anazitetea hazikuwa na kazi yoyote.

Utaratibu wa kazi ya pili

Beringi na sili za nako zilibadilishwa kwanza, pande zote, na mzigo wa awali wa beringi (mkazo wake zikiwa hazijabeba gari) ukapimwa kwa mizani ya springi kama kitabu cha gari kinavyotaka. Kurekebisha kasta juu ya nako inayocheza ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Mikono ilitolewa mmoja mmoja, ule mwingine ukibaki umefungwa ili ekseli isizunguke. Bushi 4 za upande wa ekseli zilitolewa kwa presi ya hidroli na za tundu la kando zikaingizwa. Hapa ndipo wengi huharibu. Bushi ina alama, na alama ikielekea upande usio wake, kasta hupungua badala ya kuongezeka. Ikizungushwa kidogo tu isilingane na mwenzake, mikono miwili huanza kupigana, na ekseli inakuwa inakunjwa kila gari linapovuka tuta. Kila mkono ulichorwa mstari wa chaki kupita katikati ya matundu yote mawili kabla ya presi, alama za bushi zikalinganishwa na mstari huo, kisha mikono ikalazwa sambamba ilinganishwe tena. Bushi 2 za upande wa chesisi ziliwekwa za kawaida, mpya.

Hosi za breki za mbele ziliwekwa ndefu zaidi kwa milimita 50, zikakaguliwa ekseli ikiwa imening'inia kabisa na usukani umezungushwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Bomba la pumzi la difu lilirefushwa. Likivutika na kuchomoka, difu hunywa maji kwenye kivuko cha kwanza. Mipira ya kituo iliwekewa vipande vya milimita 25, shokapu zikabaki na nafasi ya 19.

Fimbo ya valvu ya breki iliinuliwa kwenye ekseli kwa milimita 50. Kipimo hicho ni cha kimo cha nyuma juu ya kiwanda, si juu ya springi zilizolala. Ukihesabu kutoka kwenye springi zilizolala utaizidisha, na breki za nyuma zitashika kabla ya za mbele. Gari litageuka kwenye utelezi. Breki zilitolewa hewa, valvu ikiwemo, na jaribio likafanywa kwenye changarawe tupu kwa kasi ndogo: mbele zilishika kwanza, nyuma zikafuata kwa karibu.

Hapo ndipo gari lilipowekwa juu ya magurudumu yake, likasukumwa na kutikiswa likae, na bolti zote za bushi zikakazwa kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu, fundi akiwa chini, uzito wote ukiwa kwenye matairi.

Fimbo ya Panhard ya mbele ilivuta ekseli milimita 5 kuelekea upande inakoshikwa na chesisi. Kwa kimo hiki iliachwa hivyo. Ingezidi 10 wangeweka fimbo ya kurekebika. Usukani uliopinda ulinyooshwa kwa kurefusha fimbo inayotoka kwenye bokisi. Kuung'oa usukani na kuurudisha umezungushwa kungeiacha bokisi ikifanya kazi nje ya katikati yake. Skrubu ya bokisi ilirudishwa ilipokuwa. Taa ziliinamishwa upya.

Matokeo

Kimo cha mbele: 551 kushoto, 552 kulia. Kasta: 3.1 na 2.9. Usukani ulirudi wenyewe, mtikisiko ukaisha, na shokapu ya stelingi ya kwanza, ile laini, ndiyo iliyorudishwa. Baada ya kilomita 500 bolti zote zilikaguliwa tena kwa toki. Moja ya stabilaiza ilikuwa imelegea. Kipimo cha kasi kikionyesha 100, gari sasa liko kwenye 105, na dereva anajua.

Kisha likaja jambo jipya: mtetemo kwenye kilomita 85 hadi 95 kwa saa, mkali zaidi mguu ukitolewa kwenye mafuta. Propela ya mbele, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, ilifunguliwa, difu ya kati ikafungwa, gari likaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Mtetemo haukuwepo.

Kilichofaa na kilichoharibika

Mtetemo huo ulikuwa ni gharama ya bushi za kasta. Wakati kasta imepotea, pua ya difu ilikuwa imeinuka kuelekea transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), na krosi ya chini, yaani kiungo cha propela upande wa difu, ilikuwa na raha. Kurudisha kasta kuliishusha pua, huku transfa ikibaki juu. Pembe za krosi zote mbili zilikua kwa karibu digrii 4 kuliko kiwandani. Tofauti ndogo kati ya pembe hizo, ambayo haisikiki zikiwa ndogo, huanza kusikika zikikua, na gari la 4x4 ya muda wote halina namna ya kuipumzisha propela ya mbele. Kasta na pembe ya propela vinavutana kwenye ekseli ya namna hii. Huwezi kuvipata vyote kamili bila kuchomelea upya au kununua propela yenye krosi mbili upande wa juu. Gereji ililieleza hilo baada ya kazi. Lilistahili kuelezwa kabla.

Kosa la gereji ya kwanza halikuwa la mikono. Kufungua na kufunga kulikuwa kwa ustadi, ukiacha zile bolti. Ilikuwa na namba mkononi, 97, na boksi lililoandikwa 50, haikuziweka pamoja. Springi za gari kuukuu huwa zimelala, kwa hiyo tofauti ya milimita 20 au 25 ni ya kutarajiwa. Iliyobaki ilihitaji maelezo, na maelezo yalikuwa kwenye lebo ya springi. Dakika moja ya kutoa 50 kwenye 97 ingeokoa wiki tatu, shokapu moja ya stelingi na bushi tatu.

Kumlaumu mwenye gari kwa kununua springi za bampa la kesho ni rahisi, lakini kila muuzaji humuuliza mteja "utaweka nini mbele?", na watu hujibu ndoto zao. Swali linalofaa ni kilichofungwa kwenye gari siku ya kazi.

Uamuzi wa kushusha kimo kabla ya kurekebisha kasta ulikuwa bora kuliko yote, na ndio uliopata upinzani mkubwa zaidi. Uamuzi wa bushi badala ya vishikio vya kushusha una ubishi: vishikio vingerekebisha na pembe ya mikono pia, lakini vingening'inia kwenye mawe yaleyale yaliyomfanya mwenye gari ainue gari. Kwa matumizi yake, bushi ndizo zilizofaa.

Krosi ya chini ya propela ilikutwa na kikombe kimoja kikavu, ikabadilishwa, na propela ikabalansiwa. Mtetemo umebaki kidogo kwenye 90. Propela ya krosi mbili imeahirishwa hadi bampa lifungwe na kimo kipimwe tena.